Nimekwama sehemu ya 38 na wasomaji 140 wananidai

Mshauri wetu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 31, naishi Morogoro. Asubuhi nauza vitumbua na maandazi, usiku natunga simulizi kwenye simu. Hii ni simulizi yangu ya tatu. Mbili za mwanzo nilizitoa bure Facebook hadi mwisho, wasomaji wakanizoea. Ya tatu nikaifungulia kundi la kulipia la WhatsApp. Mtu anatoa shilingi 2,000 mara moja, anasoma hadi mwisho. Wako 140. Natuma Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

Inamhusu Zuhura, mjane wa Tanga. Mumewe Idrisa alikuwa dereva wa lori, akafa kwa ajali karibu na Segera akitoka Moshi kwenda Dar. Zuhura anakuja kugundua kwamba breki zilichezewa usiku, lori lilipolala yadi Korogwe. Aliyeona ni mlinzi wa yadi, Mzee Kombo. Watuhumiwa ni wawili: Shabani, mdogo wake marehemu, na Mfaume mwenye lori.

Sehemu ya 31 nikamuua Mzee Kombo kabla hajasema. Kundi lililipuka, sijawahi kupata meseji nyingi vile. Halafu watu wakaanza kubashiri. Wengi wakasema ni Shabani, basi sehemu ya 34 nikaonyesha kwamba usiku ule alikuwa amelazwa hospitali. Wakahamia kwa Mfaume, sehemu ya 36 nikamweka harusini Unguja. Sehemu ya 38 inaisha Zuhura anagongewa mlango usiku, anauliza nani, anajibiwa na sauti anayoifahamu. ITAENDELEA.

Haijaendelea. Leo ni wiki ya tatu. Nikishalaza watoto, kama saa 4 usiku, nafungua kundi, naandika SEHEMU YA 39, naongeza mstari mmoja au miwili, nafuta. Wao wanaona pale juu "anaandika…" wanaanza kutuma makopa na "tuletee mtunzi". Nikiyaona hayo mikono inakufa ganzi. Inafika saa 6 sina kitu, na saa 10 alfajiri natakiwa niwe jikoni. Wakati mwingine narudi kusoma sehemu za nyuma nikitafuta makosa, kwa sababu kuna mmoja alinisahihisha mbele ya kundi zima, nimeandika "akuna" badala ya "hakuna". Mwingine, nadhani ni dereva, alishasema tangu sehemu ya 4 kwamba lori halikatwi bomba la breki likaondoka. Huyo na wengine 5 wanataka warudishiwe pesa zao. Siku hizi kundini siingii kabisa, simu ikilia nashtuka.

Vitumbua nauza kama kawaida, nakula vizuri, wateja nacheka nao. Ni kuandika tu. Nilijiwekea kwamba kila sehemu iwe na maneno 1,200, iishie mahali pa kushtua, niandike kwa mfuatano, na kilichokwisha kutumwa nisikiguse. Je, kipaji kimeisha? Nimekuambatanishia sehemu zote 38.

Mtunzi Aliyekwama, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Sehemu zote 38 tumezisoma kwa mfuatano, kalamu mkononi. Tuanze na swali lako la mwisho. Kipaji kipo. Ile sehemu ya 22, Zuhura anakunja mashati ya marehemu anakuta risiti ya mafuta mfukoni, anaikunja na yeye kama alivyoikuta, haiandikwi na mtu aliyekauka. Umekwama, na kukwama kuna mahali pake. Wewe unapatafuta sehemu ya 39 kwa kuwa hapo ndipo vidole vinaposimama, kumbe pako nyuma. Sehemu ya 31 ulimuua mtu pekee aliyeujua ukweli. Ya 34 ukamtoa Shabani. Ya 36 ukamtoa Mfaume. Tangu siku hiyo Idrisa hana muuaji. Anayegonga mlango sehemu ya 38 ana sauti ambayo Zuhura anaifahamu, lakini wewe mwenyewe huijui ni ya nani. Hakuna mtunzi anayeweza kuandika mstari unaofuata hapo, awe na uzoefu wa miaka mingapi.

Tunalisema hili kwanza kwa sababu watu huliona tatizo la kukwama kama ugonjwa mmoja wenye dawa moja. Jina lake la Kiingereza, "writer's block", lilienezwa miaka ya 1940 na Edmund Bergler, daktari wa nafsi aliyetoka Vienna akahamia New York, na yeye chanzo alikitafuta kwenye uchanga wa mtu. Waliomfuata wamekuta vyanzo vingi, vingine vya kawaida kabisa. Kukwama ni kama homa: inakuambia kuna kitu, haikuambii ni kitu gani. Ukimeza dawa ya malaria na una jino bovu, utakesha. Kwako tumeona vyanzo vitano, na havina uzito sawa.

Cha kwanza ndicho hicho cha muuaji. Hiki peke yake kingetosha kukusimamisha.

Cha pili ni breki, na kinakuuma kuliko unavyokiri. Yule msomaji alisema kweli. Lori kubwa lina breki za upepo. Upepo ndio unaozilazimisha springi za breki za kuegeshea ziachie. Upepo ukivuja ukaisha, springi zinabana na magurudumu hayazunguki. Lori lililokatwa bomba la upepo linabaki yadi. Tangu sehemu ya 4 umekuwa ukiikwepa yadi ya Korogwe: mara tatu Zuhura anafika getini na mara tatu unamrudisha kabla hajaingia. Ulidhani unajenga hamu. Ulikuwa unakwepa mahali usipopajua, na kadiri hadithi inavyokaribia mwisho njia za kukwepea zinakwisha.

Cha tatu ni sheria zako nne. Mwaka 1980 Mike Rose wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichapisha uchunguzi wa wanafunzi 10, nusu yao wanaokwama wakiandika na nusu wasiokwama. Waliokwama hawakuwa na akili kidogo. Walikuwa na kanuni za uandishi walizozishika kama amri, na mipango isiyokubali kupinda. Wenzao nao walikuwa na kanuni, ila kanuni ikigoma waliiweka pembeni wakaendelea. Tazama hiyo yako ya "kila sehemu iishie mahali pa kushtua". Mishtuko 38 ni maswali 38. Kila mshtuko ni kitu umekikopa kwa msomaji, na katika sehemu 38 umelipa mara chache mno. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyomuua Mzee Kombo. Hadithi haikumhitaji afe, Ijumaa ndiyo ilihitaji mshtuko.

Cha nne ni lile neno "anaandika…". Unatunga ndani ya kisanduku cha kutumia meseji, mbele ya watu 140. Kutunga ni kazi ya kuandika upuuzi kwanza kisha kuutengeneza, na upuuzi haupendi kuangaliwa. Kutunga na kusahihisha pia ni kazi mbili zinazogombea kichwa kimoja. Ukisaka "akuna" katikati ya sentensi, ile sentensi inapoa, na ukirudi unaikuta imekuwa ngeni.

Cha tano ni usingizi. Unalala saa 6 usiku, unaamka saa 10 alfajiri. Hayo ni masaa 4, na kazi nzito kuliko zote umeipa masaa 2 ya mwisho ya siku ndefu. Kukanda unga ukiwa umechoka inawezekana, mikono inakumbuka. Kukumbuka nani alijua nini sehemu ya 17, kichwa kilichochoka hakiwezi.

Sasa, madhara. Yanahitaji kueleweka kwa sababu hayakai pembeni, yanarudi kuwa vyanzo. Usiku wa kwanza ulipofuta ukazima simu ulipata nafuu. Ile nafuu ndiyo iliyokufundisha kukimbia: mwili umejifunza kwamba ukiacha kuandika moyo unatulia, na kesho yake unadai kuacha mapema zaidi. Ndivyo mtu anavyotoka kwenye kuogopa sehemu ya 39 hadi kuogopa mlio wa simu. Pili, hadithi isiyoguswa inafutika kichwani. Baada ya siku 2 unakumbuka kila mtu amevaa nini. Baada ya wiki 3 unalazimika kusoma upya, na kusoma upya kunakuletea makosa, na makosa yanakuletea aibu. Tatu, kimya chako wasomaji wanakijaza wenyewe. Mtu aliyelipa 2,000 na hajaambiwa kitu hawazi kwamba mtunzi amekwama, anawaza amekula pesa. Lile deni la hadithi sasa limekuwa na deni la heshima juu yake, na unapokaa kuandika unayabeba yote mawili.

Katika barua yako kuna kitu kizuri ambacho huenda hukukiona: unakula, unacheka na wateja, kazi nyingine inakwenda. Hiyo inatuonyesha tatizo lako ni la hadithi. Anayesoma hapa na hali yake ni tofauti, yaani kwa wiki 2 au zaidi hakuna anachokifurahia, usingizi na hamu ya chakula vimeharibika, anajiona hana thamani, huyo asihangaike na mbinu za uandishi kwanza. Aende hospitali akaonwe. Hali hiyo huitwa sonona. Hunyamazisha watu wengi wanaodhani wameishiwa maneno, na ina tiba.

Utaambiwa mengi, kwa hiyo tuyapime kabla hujayameza. Utaambiwa subiri hisia zije. Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani Robert Boice alichapisha jaribio alilowafanyia walimu wa vyuo waliokuwa na shida ya kuandika. Baadhi waliambiwa wasiandike kabisa isipokuwa kwa dharura, wengine waandike wakijisikia, wengine wakabanwa kuandika kila siku ya kazi. Waliobanwa waliandika kurasa nyingi zaidi, hilo lilitarajiwa. Kubwa ni kwamba wao ndio waliopata pia mawazo mapya mengi kuliko wote. Wazo hufuata mkono mara nyingi kuliko mkono unavyofuata wazo. Utaambiwa pia "andika chochote tu". Hiyo inamsaidia aliyekwama kwa woga. Wewe umekwama kwa shimo la kisa, ukiandika chochote utalichimba zaidi: ndivyo sehemu za 34 na 36 zilivyozaliwa. Na kusoma simulizi za wengine sasa hivi acha. Utazijaza sauti zao kichwani wakati unatafuta yako.

Tiba yako itachukua siku 21. Hesabu tutakuonyesha.

Siku ya kwanza usiandike hadithi. Andikia kundi. Ingia kwenye mipangilio ya kundi, weka wanaoruhusiwa kutuma ujumbe wawe maadmini tu, kisha tuma maneno machache yasiyojitetea. Mfano: "Ndugu wasomaji, nilinyamaza wiki 3 bila taarifa, nawaomba radhi. Simulizi ilinikwamia na sikutaka kuwapa mwisho mbovu. Sehemu ya 39 itatoka tarehe fulani, na kuanzia hapo nitatuma Jumanne na Ijumaa hadi mwisho. Asiyeweza kusubiri anitumie ujumbe binafsi nimrudishie 2,000 yake." Weka tarehe halisi, ya siku ya 22 au Jumanne inayofuata. Usiseme "hivi karibuni". Wale 6 wakikataa kusubiri ni shilingi 12,000. Zitenge leo kwenye mauzo ya vitumbua, zikae, akili ipumzike. Baada ya kutuma, nyamazisha kundi.

Siku ya 2 na ya 3 ni za daftari la madeni. Wewe ni mfanyabiashara, unalijua: jina, alichochukua, tarehe, kiasi. Chukua kaunta buku, chora safu nne. Swali lililofunguliwa, sehemu lilipofunguliwa, nani ndani ya hadithi anajua jibu, litalipwa wapi. Pitia sehemu zote 38 kwa kazi hiyo tu, ukikuta "akuna" iache ilivyo. Nani alimtumia Zuhura zile 300,000 sehemu ya 7? Kwa nini mama mkwe alihamisha sanduku sehemu ya 12? Risiti ya sehemu ya 22 ni ya kituo kipi, na ya saa ngapi? Sisi tumehesabu madeni 17. Matano ni makubwa, bila hayo hadithi haiishi. Sita yanaweza kulipwa na jibu moja. Sita yaliyobaki tunadhani yamekufa, ila usituamini: tumia kitafutio cha WhatsApp ndani ya kundi, andika "sanduku" uone kama kuna mtu aliwahi kuuliza. Kama hakuna aliyeuliza tangu sehemu ya 12, futa deni hilo kwa roho safi.

Safu ya tatu ndiyo itakayokufungua macho. Utaandika "Mzee Kombo", "Mzee Kombo", "Mzee Kombo", na amekufa. Hapo ndipo utakapouona mlango uliougonga wiki tatu kwa kichwa.

Marehemu huacha vitu. Rudi sehemu ya 9. Mzee Kombo anapeleka redio yake kwa fundi, anamwambia: "Nisipokuja mwenyewe usimpe mtu." Uliiweka kama pambo, ili tumwone ni mzee mgumu. Hajaifuata redio ile mpaka anakufa sehemu ya 31. Iko kwa fundi hadi leo. Halafu sehemu ya 14, mistari minne tu: utingo wa Idrisa, Chande, anashuka Korogwe alfajiri akisema tumbo linamkata, lori linaondoka bila yeye. Hujamtaja tena kwa sehemu 24, na tulipotafuta kwenye maoni ya wasomaji uliyotutumia, hakuna hata mmoja aliyemtaja. Sauti anayoifahamu Zuhura inaweza kuwa ya mtu aliyekula kwake miaka minne. Hatukuandikii hadithi, mwanangu. Unaweza kuchagua mwingine. Tunakuonyesha kwamba ghalani mwako mna unga. Aliyekwama katikati hutaka kuleta mtu mpya kutoka nje, na msomaji huona ameonewa. Jibu linaloridhisha ni lile lililokuwa mezani tangu mwanzo limefunikwa kawa.

Siku ya 4 mtafute fundi wa malori. Morogoro malori hayakosekani. Nenda na maswali matano yaliyoandikwa, yasizidi, na umnunulie soda. Muulize breki za lori la zamani zinakazwaje, na nani huzikaza, usiku au asubuhi. Huenda ukasikia kwamba kwenye malori ya zamani ni utingo anayeingia chini ya gari na spana, na hakuna mlinzi anayemshangaa. Muulize breki zilizolegea zinaanza kumsaliti dereva wapi, tambarare au mteremko. Muulize harufu. Muulize sauti. Hayo mawili ndiyo yatakayoipa yadi ya Korogwe uhai. Na kosa la sehemu ya 4 linasahihishika bila kuigusa: pale ni shemeji mmoja aliyesema bomba lilikatwa, na shemeji anaweza kuwa alisikia vibaya. Mhusika kukosea ni ruhusa; hadithi ikikosea ndiyo mbaya.

Siku ya 5 andika sentensi moja, kwa wino: fulani alimuua Idrisa kwa sababu hii, kwa njia hii, na Zuhura atajua kupitia kitu hiki. Isipokaa ndani ya sentensi moja, bado hujaamua. Ikikaa, pangilia sehemu zilizobaki, mstari mmoja kwa kila sehemu. Kwa madeni uliyonayo sehemu 12 zinatosha, iishie ya 50. Mtunzi asiyejua mwisho uko wapi hukwama tena ya 44.

Kuanzia siku ya 6 unaandika. Punguza sehemu kutoka maneno 1,200 hadi 800. Maneno 300 kwa siku, siku 16, ni 4,800, yaani sehemu 6 kamili mkononi kabla hujatuma hata moja. Kwa sehemu 2 kwa wiki hiyo ni akiba ya wiki 3. Akiba ndiyo tiba ya kudumu kuliko zote hizi, kwa sababu unaweza kugundua kosa sehemu ya 43 ukarudi kurekebisha ya 40 kabla hajaiona mtu. Ulikuwa unapika na kupakua papo hapo, chumvi ikizidi huna pa kurudi.

Hama usiku. Vitumbua vikiisha, ukishaosha vyombo, kama saa 4 asubuhi, kaa dakika 25. Zima data. Andika kwenye daftari au kwenye "notes" za simu, usifungue WhatsApp. Usianze na mlango unaogongwa. Anza na pale unapopaona vizuri, hata kama ni sehemu ya 42. Pengine ni fundi redio anafungua skrubu za kifuniko cha nyuma. Neno lisipokuja weka XX uendelee: "akamtazama kwa XX akarudisha spana." Kesho utalijaza. Dakika zikiisha simama, hata katikati ya sentensi, na chini yake andika mstari mmoja wa kesho: "Kesho: fundi anauliza wewe ni nani wake." Ukianza na mstari huo hukutani na ukurasa mtupu. Na saa 4 usiku, ile saa ya mateso, lala. Umepata masaa 6.

Kuna siku itagoma hata hivyo. Siku hiyo fungua kinasa sauti cha simu, msimulie jirani asiyekuwepo: "Basi bwana, Zuhura akaingia yadi…" Dakika 3, kisha nakili ulichosema. Wewe ni msimuliaji kabla hujawa mwandishi, na ulimi wako haujawahi kukwama sokoni. Ikigoma siku 3 mfululizo mahali pamoja, usijilazimishe. Fungua daftari la madeni uangalie safu ya tatu, kuna anayejua kitu ambacho hawezi kukijua.

Makosa ya herufi yape siku yake, mara moja kwa wiki. Soma kwa sauti. "H" iliyodondoka sikio hulidaka vizuri kuliko jicho. Kisha tafuta maneno unayoyajua yanakusumbua: akuna, apana, uko badala ya huko. Yakishatoka, tuma bila kuogopa mtu.

Kuna msomaji wetu mwingine wa Mombasa aliyetuuliza karibu hilohilo kuhusu mashairi, tumjibu kwa ufupi hapahapa. Mtunzi wa tarbia, shairi la mistari minne kila ubeti, akikwama ubeti wa tatu mara nyingi amechagua kina, yaani silabi za kumalizia mstari, chenye maneno machache. Kabla ya ubeti wa kwanza aorodheshe maneno 20 yanayoishia na kina chake cha mwisho, na yawe ya maana inayohusu jambo lake. Akiishia 8, abadili kina mapema.

Tukurudie, mwanangu. Wale 6 wanaotaka pesa, watano warudishie wakisisitiza. Yule wa breki usimrudishie kabla hujamwandikia kando: "Kaka, ulisema kweli kuhusu lori. Nieleze, breki zikianza kuchoka mteremkoni mguu unasikia nini?" Amekaa na hadithi yako tangu sehemu ya 4 akiwa na jibu unalolitafuta. Mwandikie leo, kabla ya kumtafuta fundi yeyote.